Kompyuta ya Zamani Nyumbani Haiwaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu kompyuta za mezani zilizotengenezwa kati ya mwaka 2003 na 2014 hivi: zile Dell OptiPlex, HP Compaq na Lenovo ThinkCentre zilizomaliza kazi kwenye ofisi za Ulaya na Marekani zikashushwa kwetu kama mtumba, pamoja na zile zilizounganishwa dukani kifaa kwa kifaa. Nimezifungua nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na maswali haya ndiyo yanayorudi. Ukisoma "boksi", namaanisha lile sanduku la chuma ambalo wengi wetu tunaliita sipiyu. Prosesa yenyewe ni kidude kidogo kilichojificha ndani, chini ya feni.

## Kabla hujashika bisibisi

1. Kompyuta yangu haiwaki. Nianzie wapi?

Anza kwa kutazama imefika wapi ndipo ikagoma. "Haiwaki" ni neno moja linalobeba magonjwa matano, na kila moja lina dawa yake. Kompyuta huamka kwa ngazi: umeme unaingia, feni zinazunguka, madabodi (ule ubao mkubwa unaobeba vifaa vyote) inajikagua na kuleta picha, inatafuta hadi diski (inayohifadhi Windows na mafaili yako), mwisho Windows inapanda. Iliposimama ndipo tatizo lilipo, au ngazi moja nyuma yake.

Bonyeza kitufe mara moja, toa mkono, kaa kimya nusu dakika ukisikiliza. Hakuna taa wala sauti, nenda swali la 2. Feni zinavuma lakini skrini ni nyeusi, swali la 7. Inapiga milio, swali la 9. Inawaka na kuzima yenyewe, swali la 10. Inaandika maneno halafu inaganda, anzia swali la 12. Maneno hayo yapige picha kwa simu kabla hayajapotea. Ukimwambia fundi "haiwaki" atakisia. Ukimwonyesha picha atakujibu.

2. Nimebonyeza kitufe, kimya kabisa. Hakuna hata taa.

Fuata umeme kuanzia ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye tundu lilelile la soketi, si la jirani yake. Kisha iruke ekstensheni, chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani, kwa sababu ekstensheni za bei ya chini hulegea vyuma ndani na huonekana nzima kwa nje. Waya wa umeme wa boksi na wa monita mara nyingi ni wa aina moja, kwa hiyo badilishana. Kumbuka pia kwamba plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi ndani yake; imeshawahi kuniaibisha mbele ya mteja, nusu saa nzima nahangaika na boksi kumbe fyuzi ya plagi imekatika.

Nyuma ya boksi, jirani na tundu la waya, mara nyingi kuna swichi yenye alama za I na O. Ikilalia O, umeme umefungwa. Mtu akifagia nyuma ya meza huigusa bila kujua.

Bado kimya? Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde 30, halafu chomeka na ujaribu tena. Linaonekana kama jambo la uganga, lakini lina maana: pawa saplai (kile kisanduku ndani ya boksi kinachogawa umeme kwa vifaa) ikishtushwa na umeme hujifunga kujilinda, na kufuli hilo halifunguki hadi chaji iliyobaki kwenye kapasita zake (vipipa vinavyotunza umeme) iishe. Ikiwaka baada ya hapo, soma swali la 3 kabla hujasherehekea. Isipowaka, nenda swali la 5.

3. Je, umeme wa kwetu ndio unaoiua?

Mara nyingi, ndiyo. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, Kenya 240, lakini hiyo ni hesabu ya karatasini. Jioni mtaa mzima ukiwasha pasi na majiko, unaweza kupima ukutani ukakuta pungufu sana. Kompyuta nyingi huvumilia umeme mdogo. Kinachoziumiza zaidi ni ile dakika umeme unaporudi baada ya kukatika, maana hurudi ukiyumba, unapanda na kushuka kabla haujatulia.

Kwa hiyo umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani. Ukirudi, subiri dakika tano ndipo uwashe. Stabilaiza husawazisha volti lakini haikusaidii chochote umeme ukikatika ghafla. UPS, kifaa chenye betri ndani, ndiyo inayokupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu. Watu huvichanganya hivi viwili dukani. Tena UPS ambayo betri yake imekufa inaweza yenyewe kuwa ndiyo inayozuia kompyuta kuwaka: nyingine hulia tu na kugoma kupitisha umeme. Ijaribu kompyuta bila hiyo.

4. Nyuma kuna kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Nikiguse?

Kitazame, usikichezee. Kwetu kinatakiwa kionyeshe 230. Kompyuta zilizotoka Marekani hufika kikiwa kwenye 115, na ukiichomeka hivyo utasikia mlipuko, utaona cheche, na pawa saplai itakuwa imekwenda. Kikiwa kwenye 115 na bado hujachomeka, kisukume kwa ncha ya bisibisi hadi kwenye 230. Kama boksi halina kiswichi hicho, soma karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai. Ikisema 100–240V, inajichagulia yenyewe.

Waliokwisha kulipua wasikate tamaa. Mara nyingi kinachokufa ni pawa saplai peke yake, madabodi na hadi diski vikabaki salama.

## Pawa saplai

5. Nitajuaje kama pawa saplai imekufa?

Chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa boksi, na uitafute ile plagi kubwa ya pini 20 au 24 iliyochomekwa kwenye madabodi. Bonyeza kidoko chake uitoe, pamoja na ile ndogo ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa. Chukua klipu ya karatasi, ikunjue iwe kama herufi U, ingiza ncha moja kwenye tundu la waya wa kijani na nyingine kwenye tundu la waya wowote mweusi wa plagi hiyohiyo. Toa mkono, kisha rudisha umeme. Feni ya pawa saplai ikizunguka, ina uhai. Isipozunguka, badilisha.

Feni kuzunguka si ushahidi kamili, lakini. Ukiwa na multimita (kipima umeme), pima kila waya ukilinganisha na mweusi: wa manjano utoe volti 12, mwekundu 5, wa rangi ya chungwa 3.3. Yanaruhusiwa makosa ya asilimia 5 juu au chini, kwa hiyo manjano ikisoma 11.4 hadi 12.6 ni sawa. Ikisoma 10.8, hapo ndipo penye ugonjwa, hata kama feni inavuma vizuri. Waya wa zambarau unatakiwa kutoa volti 5 muda wote ambao kompyuta imechomekwa, hata ikiwa imezimwa. Zambarau ikiwa kavu, kitufe cha mbele hakiwezi kuamsha kitu.

Tahadhari: baadhi ya Dell na HP za kuanzia mwaka 2013 hivi zina plagi ndogo ya pini 6 au 8 badala ya ile ya 24, na rangi za waya zake hazifuati mpango huu. Hizo usizitie klipu.

6. Nikiifungua pawa saplai nikaibadilishia kapasita mwenyewe?

Usifungue. Ndani kuna kapasita kubwa zinazobeba volti zaidi ya 300, na hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Pawa saplai ya mtumba inapatikana kwenye maduka ya spea kwa bei inayovumilika. Hakikisha tu plagi zinalingana na umbo linaingia: maboksi membamba ya ofisini yana pawa saplai fupi zenye umbo lao, na ile ya boksi kubwa haiwezi kukaa humo hata ukiipiga nyundo.

## Inawaka lakini haionyeshi kitu

7. Feni zinazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi. Madabodi imekufa?

Fundi mwenye haraka atakuambia ndiyo. Mimi ningekuambia madabodi iwe ya mwisho kushtakiwa.

Anza na monita. Chomoa kebo ya picha nyuma ya boksi huku monita ikiwa imewashwa. Ikiandika kwamba haipati mawimbi, au ikaonyesha mistari ya rangi, monita ni nzima na kosa liko kwenye boksi. Kisha geuza boksi utazame nyuma kuna matundu mangapi ya picha. Kompyuta iliyoongezewa kadi ya picha ina matundu mahali pawili: juu pale penye USB, na chini kwenye kadi. Kebo ikiwa juu wakati kadi ipo, mara nyingi skrini hubaki nyeusi. Mwalimu mmoja mstaafu aliwahi kuniletea boksi lake kwa bodaboda, amelikumbatia kama mtoto mgonjwa, baada ya kuambiwa kwingine anunue madabodi. Nilihamisha kebo. Ikawaka.

Kama si hilo, shuku RAM (vile vijiti vya kumbukumbu vilivyochomekwa kwenye madabodi), na jibu lake linafuata. Baada ya RAM, hakikisha ile plagi ya pini 4 au 8 karibu na prosesa imechomekwa. Bila hiyo feni zote huzunguka kwa furaha lakini prosesa haipati chakula. Mtu aliyefungua boksi kupuliza vumbi huisahau mara nyingi.

8. RAM nazitoaje na nazisafishaje?

Chomoa umeme, shika chuma cha boksi kwanza ili mwili umwage umeme tuli, kisha sukuma vishikio vya pande mbili. Kijiti kitachomoka chenyewe. Sugua ile mistari ya rangi ya dhahabu kwa ufutio safi wa penseli, taratibu, pande zote mbili, mpaka ing'ae. Pangusa makombo kwa kitambaa kikavu. Usitumie msasa wala kisu. Sloti ipulize kwa blowa au kwa brashi laini.

Sisi wa pwani kazi hii tunaifanya kila mara, kwa sababu hewa ya chumvi huweka ukungu kwenye vyuma. Nimeona kompyuta Tanga zikisafishwa RAM leo, baada ya miezi minne zinarudi na ugonjwa uleule.

Rudisha kijiti kimoja tu, kwenye sloti ya kwanza, usukume hadi vishikio vijifunge kwa sauti. Washa. Ikigoma, jaribu kijiti kingine, kisha sloti nyingine. Mwenye vijiti viwili na sloti nne atafanya majaribio manane, yafanye yote. Ukitaka kununua kingine, beba cha zamani uende nacho. DDR2 na DDR3 zinafanana urefu na zote zina pini 240, lakini pengo la katikati halikai mahali pamoja. Kikikataa kuingia, usilazimishe.

9. Inalia tii-tii-tii. Milio hiyo inasema nini?

Inasema madabodi na prosesa vina uhai wa kutosha kulalamika, na hiyo tayari ni habari njema. Lugha ya milio hutofautiana kwa mtengenezaji. Kwenye madabodi nyingi mlio mmoja mfupi ni salamu tu, kila kitu ni sawa. Milio mirefu inayojirudia bila kukoma aghalabu ni RAM. Mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi, kwenye BIOS (programu ya kuamshia iliyo ndani ya madabodi) za kampuni ya Award, ni kadi ya picha.

HP Compaq za ofisini zinapepesa taa nyekundu sambamba na milio: hesabu. Mara nne ni umeme, mara tano ni RAM, mara sita ni picha, mara saba ni madabodi. Dell OptiPlex za zama hizo zina taa ndogo nne zenye namba 1 hadi 4 mbele au nyuma. Tazama zipi zinawaka, kisha tafuta mpangilio huo kwenye mwongozo wa modeli yako. Kitufe cha Dell kikipepesa rangi ya chungwa, ni pawa saplai au madabodi.

Kuna jaribio nilipendalo. Kama kompyuta haina picha na haina mlio, toa RAM zote kisha iwashe. Ikianza kulia ikililia RAM yake, madabodi na prosesa ni vizima, na ulikuwa karibu kununua vingine bure. Ikibaki bubu, kwanza hakikisha boksi lina spika ndogo ya ndani. Zile za kuunganisha dukani nyingi hazinayo.

10. Inawaka sekunde chache, inazima. Wakati mwingine inajiwasha tena yenyewe.

Pima muda. Ikizima ndani ya sekunde moja au mbili, kuna shoti au pawa saplai imezidiwa. Toa kila kisichohitajika: kadi za ziada, kisomea sidii, hadi diski, vifaa vyote vya USB. Bakiza prosesa, feni yake na kijiti kimoja cha RAM. Ikitulia, rudisha kimoja kimoja mpaka mhalifu ajitaje. Angalia pia kama kuna skrubu iliyoanguka ikalala chini ya madabodi, na kama matundu ya USB ya mbele yamepinda vyuma ndani. Tundu la USB lililopinda linaweza kuizuia kompyuta nzima isiwake.

Ikizima baada ya dakika moja au zaidi, ni joto. Vua feni ya prosesa: kati ya feni na lile bati la kupozea utakuta blanketi la vumbi, zito kama sufi ya mto. Safisha. Pesti iliyo kati ya bati na prosesa ikiwa imekauka kama chokaa, ikwangue kwa plastiki, pangusa kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Si lazima ipakwe kama siagi. Nyingi haiongezi ubaridi.

11. Ndani naona vipipa vidogo vimevimba juu. Ni nini?

Ni kapasita, na huenda umepata jibu la maswali yote yaliyotangulia. Kapasita nzima ina kichwa bapa, chenye alama ya msalaba au herufi K iliyochorwa. Ikivimba, au ikitoa utomvu wa kahawia, haifanyi kazi yake ya kutuliza umeme. Kompyuta za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi 2007 hivi ziliathirika dunia nzima, kwa sababu kapasita zilizotoka viwandani kipindi hicho zilikuwa na maji mabovu ndani. Dalili yake ya kawaida: inawaka baada ya kujaribiwa mara tano au sita, na ikishapata moto inaendelea vizuri mchana kutwa.

Fundi wa redio mwenye mkono mzuri wa kulehemu anaweza kuzibadilisha. Mpe masharti haya: mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, ya joto la nyuzi 105, na iwe ya aina ya ukinzani mdogo inayotengenezwa kwa ajili ya madabodi. Zile za kung'oa kwenye redio mbovu zitarudi kuvimba.

## Inaanza, halafu inagoma

12. Kila siku inadai nibonyeze F1, na saa imerudi nyuma miaka kibao.

Betri ya saa imekufa. Ni ile ya duara kama sarafu kwenye madabodi, CR2032, ya volti 3, na bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai. Ikipima chini ya 2.8, itupe. Ukishaiweka mpya, ingia BIOS (kwa Dell bonyeza F2, kwa HP F10, kwa nyingi za kuunganisha Delete), rekebisha saa na tarehe, hifadhi, toka.

Usiendelee kubonyeza F1 miezi na miezi. Tarehe ikiwa ya mwaka 2002, tovuti nyingi zitakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama vitaonekana bado havijaanza kutumika, na utadhani intaneti ndiyo mbovu. Tena kuna mtego mwingine, upo swali la 15.

Kama F1 inadaiwa lakini saa iko sawa, soma mstari wa juu yake. Huenda inalalamikia kibodi isiyochomekwa au feni isiyozunguka. Ya feni usiipuuze.

13. Inaandika "NTLDR is missing", "BOOTMGR is missing" au "No bootable device".

Chomoa flashi, memori kadi na sidii zote, kisha washa upya. Nasema kweli, sehemu kubwa ya kesi hizi huishia hapo: kompyuta ilikuwa inajaribu kuamka kutoka kwenye flashi yenye nyimbo.

Zikiendelea, ingia BIOS utazame kama hadi diski inaonekana kwa jina. Ikionekana, panga iwe ya kwanza kwenye orodha ya kuamkia. Isipoonekana, zima, fungua, chomoa na uchomeke upya kebo zake mbili, ya umeme na ya data, au badilisha ile nyembamba ya data iitwayo SATA. Kwenye kompyuta za zamani zaidi zenye kebo pana kama utepe, angalia vijampa (vile vifuniko vidogo vya kuunganisha pini) nyuma ya hadi diski: vifaa viwili kwenye utepe mmoja haviwezi vyote kuwa "Master".

Diski ikionekana lakini ujumbe ukabaki, faili za kuamshia zimeharibika. NTLDR ni ya Windows XP. Tumia sidii yake, ingia Recovery Console, andika fixboot kisha fixmbr. BOOTMGR ni ya Vista na Windows 7. Kwenye DVD yake chagua Startup Repair, ukirudia hata mara tatu. Mafaili yako hayaguswi na hatua hizi.

14. Hadi diski inagonga, kli-kli-kli.

Zima sasa hivi. Mlio huo ni kichwa cha kusomea kinachotafuta njia na kuikosa, na kila dakika unayoiacha iwake inaweza kukwangua kilichobaki. Kama ndani kuna picha za harusi au hesabu za biashara ambazo hazipo kwingine, usijaribu kitu tena. Mpelekee mtu wa kuokoa data. Kuiweka kwenye friji kunaleta unyevu ndani, basi.

Kama haigongi bali ni nzito na inaganda tu, bado una nafasi. Itoe, itie kwenye kesi ya USB, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, na unakili ya muhimu kwanza. Sinema mwisho.

15. Nimebadilisha betri ya saa, sasa Windows inaleta skrini ya bluu yenye 0x0000007B.

Huu ndio mtego niliouahidi. Betri ikiisha au ikitolewa, BIOS husahau mipangilio yote na kurudi ya kiwandani, pamoja na namna ya kuongea na hadi diski. Windows iliyopigwa (yaani kusakinishwa) chini ya mpangilio mmoja haiitambui diski ukiugeuza, na hutupa namba hiyo. Ingia BIOS, tafuta mahali palipoandikwa SATA Operation au SATA Mode, andika pembeni palivyo sasa, kisha jaribu mengine moja moja: AHCI, IDE au ATA, RAID. Mojawapo litaiamsha. Nimeshaona watu wawili waliofuta kila kitu wakapiga Windows upya kwa kosa la mstari mmoja kwenye BIOS.

16. Inafika kwenye nembo ya Windows, inarudi mwanzo, inazunguka hivyo hivyo.

Kwa Windows 7 na za kabla yake, wakati inaanza gonga F8 mfululizo uchague Safe Mode (Windows inayoamka na vitu vya lazima tu). Ikiingia, ondoa programu au kifaa ulichoongeza mwisho, kisha fungua dirisha la amri uandike chkdsk c: /r na uiache ikague diski usiku kucha, ukiwa na uhakika wa umeme. Isipoingia hata hapo, pima RAM kwa programu ya Memtest86+ kutoka kwenye flashi. Kosa moja jekundu linatosha kuihukumu.

17. Fundi anasema "tupige windo upya". Nikubali?

Muulize kwanza amegundua nini. Kupiga windo hakutengenezi RAM chafu, pawa saplai dhaifu wala diski inayokufa, na kwa kompyuta ambayo haileti picha kabisa ni maneno tu. Ni dawa ya ugonjwa wa ngazi ya mwisho peke yake.

Na kabla hajagusa, data itoke. Wengi hudhani kilichopo Desktop au My Documents kitabaki. Hakibaki, vyote hukaa C, na C ndiyo inayofutwa. Kilichopo D hupona kwenye zoezi hili, lakini C na D kwa kawaida ni vyumba viwili vya diski moja, kwa hiyo nyumba ikiungua vinaungua vyote. Kompyuta isiyoingia Windows bado inaweza kutoa mafaili: iamshe kwa flashi yenye Linux Mint (mfumo wa bure usio wa Windows), bila kuipiga kwenye diski, na unakili kila kitu kwenye diski ya nje.

## Mambo ya pembeni

18. Nikigusa boksi linanipiga shoti kidogo, kama sisimizi.

Nyumba haina ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), au umetumia plagi ya pini mbili. Pawa saplai ina vikapasita vinavyomwaga umeme mdogo kwenye chuma cha boksi, na kazi ya ethi ni kuubeba. Ukikosa pa kwenda, unapitia kwako. Umeme huo kwa kawaida ni mdogo, lakini unaonyesha kwamba siku kitu kikiharibika kweli hakuna kinga. Mwite fundi umeme apime ethi ya nyumba.

19. Inawaka kwa umeme wa gridi, kwa inveta ya sola inagoma au inavuma ajabu.

Inveta za bei ya chini hazitoi wimbi laini la umeme, hutoa la ngazi-ngazi. Baadhi ya pawa saplai za kisasa kidogo, zile zinazojichagulia volti, hazilipendi. Dawa ni inveta ya wimbi safi. Monita na boksi la zamani kwa pamoja vinaweza kula wati 150 au zaidi, kwa hiyo angalia na ukubwa.

20. Wadudu wanaweza kuiharibu?

Sana. Pawa saplai ina joto na giza, mende hawaoni pazuri kuliko hapo. Wakati fulani nilitoa mjusi ndani ya boksi, mkavu kama karatasi, mkia kwenye pini moja na kichwa kwenye nyingine. Ziba matundu ya nyuma yasiyo na kadi kwa vile vibati vyake. Ya hewa usiyazibe.

21. Inastahili kutengenezwa, au nitupe?

Ikiwa ni betri, RAM, vumbi au pawa saplai, tengeneza. Ikiwa ni madabodi, tafuta boksi zima la mtumba la modeli hiyohiyo. Litakugharimu karibu sawa na utabaki na spea. Pesa ikibaki, nunua SSD ndogo, diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Hakuna kitu kingine kinachoifufua kompyuta ya 2010 kama hicho.

Kuhusu mfumo: Windows XP iliacha kupewa masasisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), ambayo hizi hazina. Yenye RAM ya GB 4 na prosesa ya biti 64 huenda vizuri na Linux Mint toleo la Xfce. Ya kuandikia barua tu, isiyounganishwa na intaneti, iache na Windows 7 yake.

22. Nimekata tamaa, nawauzia watu wa chuma chakavu.

Toa hadi diski kwanza. Skrubu nne, dakika tano. Kompyuta kufa hakumaanishi diski yake imekufa. Mtu yeyote akiitia kwenye kesi ya USB atasoma picha zako, barua zako na nywila ulizohifadhi. RAM na prosesa pia vitoe, maduka ya spea hununua. Kama monita ni ile ya zamani yenye tumbo kubwa nyuma, usiruhusu ivunjwe uani kwako: kioo chake kina madini ya risasi, na watoto huokota vipande.